Ukiwapeleka watu bondeni kujifunza maji na kilimo, anzia mkiani

Wengi wakipanga ziara ya mafunzo kwenye bonde la kilimo wanaanzia bwawani, na siwalaumu, bwawa linapendeza, picha zinatoka vizuri, kuna injinia mwenye kofia ngumu anaeleza ukuta una urefu gani, na mimi mwenyewe mara ya kwanza nilifanya hivyo hivyo. Tulikaa pale masaa matatu, tukashuka kwenye mfereji mkuu tukapiga picha zingine, tulipofika mashamba ya mwisho kabisa jua lilikuwa linazama, nusu ya watu wamelala kwenye basi, na mzee mmoja aliyekuwa anatusubiri tangu mchana akatuambia kwa ufupi tu kwamba zamu mbili zimempita maji hayajamfikia. Basi, akaondoka. Somo lenyewe ndo lilikuwa lile, na sisi tulilitengea dakika kumi tu.

Toka siku hiyo nageuza. Naanza kwa mkulima wa mwisho kwenye mfereji halafu tunapanda kinyume na maji mpaka yanakotoka, na kila tukisimama swali ni hilo hilo: hapa yanafika maji kiasi gani, na yaliyopungua njiani yameenda wapi? Ni kama unafuata nyayo za mwizi, ila saa nyingine mwizi ni jua tu, saa nyingine ni tundu la panya ukingoni.

Kabla ya kupeleka mtu yeyote nenda mwenyewe, wiki moja au mbili kabla, utembee mfereji kwa miguu. Mtafute yule anayefungua na kufunga mageti, mgawa maji, huyo ana ramani kichwani kuliko ile iliyobandikwa ukutani ofisini. Muulize zamu zinakwendaje, maana ukifika siku mfereji umefungwa utawaonyesha watu tope lililokauka. Na uchague msimu. Kipindi cha mvua kila mtu ana maji na kila mtu ni rafiki wa jirani yake, hamtajifunza kitu. Nendeni wakati maji ni ya kugombania, mfano mpunga unapoandaliwa majaruba na kila mtu anataka kulowesha udongo kwa wakati mmoja, au mahindi yanapotoa maua, hapo zao likikosa maji siku chache tu mavuno yanaonekana.

Vituo vitano au sita vinatosha kwa siku. Watu wasizidi ishirini na kitu kwa msemaji mmoja, pampu ikinguruma wa nyuma hawasikii chochote wanaanza kuchat. Vifaa: tepu ya kupimia, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, chupa ya plastiki, kopo kubwa lililokatwa pande zote mbili, rula, koleo, daftari, na mkipata kipima chumvi cha mkononi kiazimeni, kitafanya kazi kubwa mbele huko.

Sasa mkiani. Mwache mkulima aongee kwanza, nyie wageni nyamazeni. Usimuulize "maji yanatosha?" kwa sababu jibu utalijua tu kabla hajafungua mdomo. Muulize mara ya mwisho alifungulia lini, yalikaa masaa mangapi, yalifika mpaka tuta la ngapi. Halafu ingieni shambani mlinganishe mimea iliyo karibu na pale maji yanapoingia na ile ya mwisho. Majani ya mahindi yakijikunja saa nane mchana usishtuke sana, jua kali hufanya hivyo, ila yakiwa yamejikunja saa mbili asubuhi ujue mmea una kiu ya kweli. Chimbeni na koleo mpaka kwenye mizizi, chukueni udongo mkononi, ukibanwa ukashikana kama donge bado una unyevu, ukimomonyoka hapo hapo basi (udongo wa kichanga unadanganya, wenyewe humomonyoka hata ukiwa na maji kidogo, kwa hiyo linganisheni sehemu mbili za shamba hilo hilo).

Hapo hapo fanyeni hesabu moja ambayo mtaitumia siku nzima. Milimita 1 ya maji ikisambaa kwenye hekta 1 ni lita 10,000, yaani mita za ujazo 10. Zao lililofunika shamba likipigwa na jua kali na upepo linaweza kunywa milimita 7 kwa siku, hiyo ni lita 70,000 kila siku kwa hekta moja. Gawanya kwa sekunde 86,400 za siku nzima unapata kama lita 0.8 kwa sekunde, mchana na usiku bila kupumzika. Mimi huwa nawaambia watu wakumbuke tu lita moja kwa sekunde kwa hekta, inatosha kwa kukadiria. Watu wakishaishika hii hawauangalii tena mfereji kwa macho yale yale, wanaanza kuhesabu wenyewe, huu una lita ngapi, je hekta zote zile utaziweza?

Kituo kinachofuata karibu hamna mtu anayekiweka kwenye ratiba, nacho ni mtaro wa kutolea maji, ule wa nyuma ya mashamba wenye magugu na harufu. Ukiniambia nikate vituo vyote nibaki na viwili, nitabaki na mkiani na hapa. Maji ya mto au ya kisima yana chumvi hata kama hamuionji. Mmea unakunywa maji, chumvi nyingi inabaki kwenye udongo. Tuseme maji yana miligramu 450 za chumvi kwa lita, hayo yanahesabika ni maji mazuri tu ya kumwagilia, kwenye kipima chumvi yatasoma kama 0.7 kwa kipimo cha desisiemensi kwa mita, na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, linasema chini ya hapo hamna shida, kati ya 0.7 na 3 uwe mwangalifu, juu ya 3 ni balaa kwa mazao mengi. Sasa hayo hayo maji mazuri ukimwagilia milimita 1,000 kwa mwaka umeingiza kilo 4,500 za chumvi kwenye hekta moja. Tani nne na nusu! Kila mwaka. Zisipopata pa kutokea zinakaa hapo hapo, na maji ya chini yakipanda karibu na uso wa udongo yanavutwa juu kama mafuta kwenye utambi wa taa, yanakauka, yanaacha ule weupe mnaouona kwenye matuta. Kwa hiyo pimeni maji yanayoingia shambani halafu mpime yanayotoka mtaroni, muone namba inavyoruka. Kama mtaro umeziba na matete, muulizeni mwenyeji nani anausafisha. Mara nyingi mfereji wa kuleta maji una kamati na zamu na faini, wa kuyatoa hauna baba wala mama. Maharage yanaanza kulalamika mapema sana udongo ukiwa na chumvi, shayiri inavumilia, hivyo wakati mwingine ukiona mtu kabadilisha zao usidhani ni soko tu.

Katikati ya bonde tafuteni mashamba mawili jirani yanayomwagilia tofauti, mmoja kwa mifereji ya kati ya matuta, mwingine kwa mipira ya matone. Hapa lile kopo linatoka. Ligongeeni kwenye udongo sentimita kadhaa, mwageni maji, simamisheni rula ndani, msome yameshuka milimita ngapi kwa nusu saa. Mchanga unaweza kunywa zaidi ya milimita 30 kwa saa, udongo wa mfinyanzi 1 mpaka 5 tu, na kopo moja hivi huwa linazidisha kidogo kwa sababu maji yanatambaa pembeni, ila tofauti ya mchanga na mfinyanzi mtaiona bila ubishi. Mtu akishaona hivyo anaelewa kwa nini mfereji mrefu kwenye mchanga ni hasara, maji yanazama yote mwanzoni hayafiki mwisho, wakati kwenye mfinyanzi yanatembea hadi yanapitiliza.

Kuhusu matone kuna kitu nabishana nacho kila ziara. Mtu atasimama aseme wote wangefunga matone shida ingeisha. Ni kweli matone yanafikisha kwenye mizizi kama asilimia 90 ya maji, mifereji ni kama 60, vipimo vya kupangia ndo vinavyosema hivyo. Ila ile 40 iliyopotea jiulizeni imeenda wapi. Nyingine imekuwa mvuke, sawa, ila nyingine imezama chini ikaenda kujaza kisima cha jirani au ikarudi mtoni na wa chini wakaitumia. Na mkulima aliyeokoa maji kwa matone mara nyingi hayaachi mtoni, anaongeza shamba. Sisemi matone mabaya, nasema mpelekee swali hilo mwenye matone na jirani yake wa chini, wakiwa wote wawili pale kama inawezekana, halafu wewe kaa pembeni usikilize.

Kisimani msikae sana, kelele. Ulizeni kilipochimbwa maji yalikuwa mita ngapi chini, na leo ni ngapi, na pampu imeshushwa mara ngapi. Watu wakiona maji ya chini ni kama hayaishi wapeni habari ya bonde la San Joaquin huko California: kuna picha maarufu ya mwaka 1977 ya mwanasayansi Joseph Poland amesimama kando ya nguzo ya umeme yenye vibao vya miaka, kibao cha 1925 kiko juu huko karibu mita 9 kutoka alipokanyaga, maana ardhi yenyewe ilishuka kiasi hicho kwa kupampu maji. Na udongo wa mfinyanzi ulioko chini huko, maji yakishatolewa ukabanwa, haufutuki tena ukarudi ulivyokuwa.

Sasa mfereji mkuu, hapa ndo pa kutokwa jasho. Chagueni kipande kilichonyooka, pimeni mita 20 ukingoni. Pimeni upana wa maji, na kina sehemu tatu nne mpate wastani. Chupa ijazeni maji nusu ili izame kidogo upepo usiisukume, itupeni katikati juu kidogo ya alama ya kwanza, mhesabu sekunde mpaka alama ya pili, mara tatu. Tuseme upana mita 1.2, kina mita 0.4, chupa imetumia sekunde 50. Eneo ni 0.48, mwendo ni mita 0.4 kwa sekunde, ila maji ya juu hukimbia kuliko ya chini kwa hiyo zidisha kwa 0.8 unapata 0.32, zidisha na eneo ni kama mita za ujazo 0.154, yaani lita 154 kwa sekunde. Fanyeni hivyo karibu na banio (pale maji ya mto yanapoingizwa mferejini) na mfanye tena huko chini, mpate tofauti, humo mtoe yanayochepushwa halali kwenye mageti ya njiani, kinachobaki ndo kilichovuja au kilichochukuliwa usiku. Mgawa maji akiwepo mtamuona anatabasamu tu. Msimlazimishe kutaja majina, ye anaishi pale nyie mnaondoka jioni.

Hapa pia ndo pa kuongelea nani anaamua. Ulizeni ugomvi unaishia wapi, kwenye chama cha wamwagiliaji, kwa mwenyekiti, au kwa mapanga. Mfano mzuri wa kuwapa ni Valencia kule Hispania, wana baraza la maji linalokaa kila Alhamisi saa sita mchana mlangoni pa kanisa kuu, wakulima wenyewe wamechaguana kutoka mifereji yao, kesi inasikilizwa kwa mdomo na hukumu inatoka hapo hapo, UNESCO waliliingiza kwenye orodha yao ya urithi mwaka 2009.

Banio au bwawa mwishoni, nusu saa. Saa hizi hamna tena mtu anayeuliza ukuta una urefu gani, wanauliza mbona geti la kulia limefunguliwa zaidi. Mwonyeshwe mchanga na tope vilivyojaa nyuma ya ukuta, kila gunia la udongo pale limetoka shamba la mtu mlimani.

Usalama usiuseme kwa haraka haraka. Mfereji wa zege unaonekana mpole lakini kingo zina utelezi na ukiingia hutoki kirahisi, na penye kalavati maji yanavuta, hivyo kupima kina ni kazi ya mtu mmoja aliyesimama salama na fimbo ndefu, sio kuingia. Mifereji ya polepole sehemu nyingi za joto ina kichocho, msioshe miguu humo. Shamba lililopuliziwa dawa hamuingii mpaka mwenyewe aseme muda umepita. Na usimuahidi mkulima chochote, hata kwa utani, miradi imeshamuahidi ya kutosha.

Mkirudi mna kazi moja imebaki, andikeni zile namba zenu vizuri kwenye karatasi moja, mfereji ulikuwa na lita ngapi juu na ngapi chini, chumvi iliyoingia na iliyotoka, kisha mzipeleke kwa mgawa maji, na kwa yule mkulima wa mwisho. Yule mzee wangu wa mara ya kwanza nilimrudishia yake mwaka uliofuata, akaikunja akaiweka mfukoni, akasema ataenda nayo kikaoni.