Kusafisha sauti ya stereo ya televisheni ya zamani: chuja tofauti, si kushoto na kulia

Kanda za VHS zilizorekodiwa kutoka televisheni za Marekani miaka ya 80 na 90 zina ugonjwa wao. Msomaji wa habari anasikika vizuri, lakini nyuma yake kuna kelele kama mtu anapepeta mchele chumba cha pili, imetanda pande zote mbili za hedifoni. Ndugu walioko huko hunitumia kanda hizi, na wengi wao wamekwishajaribu kuchuja kushoto na kulia, kila upande kivyake. Sauti imefubaa, na mchele bado unapepetwa.

Chanzo ni mfumo wenyewe. Stereo ya analojia ya Marekani, BTSC, iliyoidhinishwa na FCC, mamlaka ya mawasiliano ya huko, mwaka 1984, haikurusha kushoto na kulia. Ilirusha jumla yao mahali pa kawaida, ili televisheni za spika moja ziendelee kusikika, kisha tofauti yao ikapandishwa juu, kuzunguka 31,468 Hz. Katika FM, kadiri masafa yanavyopanda ndivyo kelele inavyozidi. Kwa hiyo tofauti ndiyo iliyobeba uchafu. Wahandisi walilijua hilo: kati ya hizo mbili, mbinu ya kampuni ya dbx ya kubana sauti kabla ya kurusha na kuitanua kwenye mapokezi iliwekwa kwenye tofauti tu. Kifaa kikitanua vibaya, kelele inapumua pamoja na maneno, na hapo hakuna chujio litakalokuponya kabisa.

Hatua ya 1. Nakili kanda kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24, vilele visizidi −12 dB. Zima chochote kinachopandisha sauti chenyewe. Mtu akinyamaza, hicho hupandisha mchele.

Hatua ya 2. Fungua grafu ya masafa, utafute msumari mwembamba kwenye 15,734 Hz. Ndiyo kasi ya mistari ya picha ya NTSC, mfumo wa televisheni wa Marekani, na pia ndiyo toni iliyoiambia televisheni kwamba stereo ipo. Ukiukuta kwenye 15,625, unatazama PAL, mfumo tuliouzoea Afrika Mashariki. Sasa simamisha deki. Msumari ukibaki palepale, hautoki kwenye kanda. Unatoka kwenye TV ya chogo iliyo mezani kwako. Izime, au sogeza waya, unakili upya.

Hatua ya 3. Tengeneza chaneli mbili mpya, J ya jumla na T ya tofauti:

J = (kushoto + kulia) ÷ 2
T = (kushoto − kulia) ÷ 2

Usiharakishe hapa. Chagua sekunde kumi ambazo msomaji anaongea peke yake, bila muziki, usikilize T tupu. Panapaswa kubaki mchele mtupu. Ukimsikia, pande mbili hazilingani. Rekebisha upande wa kulia kwa 0.1 dB kila mara mpaka apotee. Kuna mahali atafifia, halafu ukizidisha kidogo tu anarudi. Rudi nyuma ulipotoka. Usipofanya hivi, kila atakapofungua mdomo atafungua na mlango wa hatua ya 5, na mchele utaingia naye.

Hatua ya 4. Sauti ya BTSC haikuvuka 15,000 Hz. Chochote kilicho juu ya hapo ni uchafu, na msumari wetu uko humohumo. Tumia chujio la FIR, yaani chujio la kidijitali linalozidisha sampuli jirani kwa namba maalumu (vizidishi) na kuzijumlisha. Liwe la vizidishi 255, namba zake zikilainishwa kingoni kwa dirisha la Hamming, mkato katikati ya 15,300 Hz. Litaanza kukata karibu na 15,000 na kufika chini kabisa karibu na 15,600. Lipitishe kwenye J na T zote mbili.

Hatua ya 5. Hii ndiyo kazi yenyewe. Pitisha T kwenye FIR nyingine ya vizidishi 255 yenye mkato wa 4,000 Hz, upate T ya chini. T ya juu usiitafutie chujio jingine: chukua T iliyocheleweshwa sampuli 127, uitoe T ya chini. Hivyo vipande viwili vikijumlishwa vinarudisha T ileile bila kovu.

Kwenye T ya juu weka mlango (noise gate), kifaa kinachopunguza sauti inapokuwa chini ya kiwango fulani, yaani kizingiti. Pima kelele ya T ya juu mahali pa kimya, kisha weka kizingiti 6 dB juu yake. Sauti ikivuka kizingiti, mlango ufunguke ndani ya milisekunde 5. Ikishuka, ufungwe taratibu, kama milisekunde 150, na usishuke chini ya −12 dB. Ukiufunga kabisa, watu wataona ukumbi unapotea na kurudi.

Na J? Usiiguse, ila icheleweshe sampuli zilezile 127. Mimi nilisahau mara moja, nikapeleka kazi kwa mwenyewe stereo ikiwa imevurugika. Hata sampuli moja inatosha kuharibu: kwenye 12,000 Hz ni digrii 90, robo ya wimbi, na hapo kushoto na kulia vinalingana kabisa, utengano umekwisha.

Hatua ya 6. Maandishi meupe yakitokea kwenye picha na sauti ikaanza kuunguruma, hiyo ni picha inayovuja kuingia kwenye sauti. Weka vichujio vyembamba kwenye 59.94 Hz na masafa machache ya kwanza yaliyo mara mbili, mara tatu na kuendelea ya hayo, kwenye T tu. Andika 59.94, si 60.

Hatua ya 7. Unganisha: kushoto = J + T, kulia = J − T. Kisha chukua sauti ya mwisho wa hatua ya 3, icheleweshe sampuli 254, uitoe uliyoisafisha, usikilize takataka, yaani kile ulichokiondoa. Zikitamka neno hata moja, teremsha kizingiti.

Kanda ya wiki iliyopita ilinirudisha mara tatu. Takataka zilikuwa na makofi ya watazamaji, na makofi yanafanana mno na mchele. Pale kwenye makofi niliuacha mlango wazi kwa mkono, sekunde nne nne, mchele kidogo ukapita.