Barua ya Kudahiliwa Bado Si Kiti Darasani: Namna ya Kujiunga na Shule ya Elimu Endelevu Ukiwa Mtu Mzima

Nina miaka kumi na moja kwenye dawati la usajili la shule ya elimu endelevu, na kabla ya hapo nilikuwa mwanafunzi wa jioni mwenyewe. Siku ninayoiogopa ni ile ya kwanza ya vipindi. Kila muhula hujitokeza mtu ambaye itanibidi nimwambie hana nafasi, na mtu huyo mkononi ana barua yetu inayosema amekubaliwa.

Mmoja simsahau. Alikuwa mama wa makamo, amewahi kwa nusu saa nzima, ana daftari jipya na kalamu mbili zimebanwa kwenye jalada. Barua aliitia kwenye mfuko wa plastiki ili isikunjike, akaniwekea mezani kwa mikono miwili. Nikatafuta jina lake kwenye orodha ya darasa, sikuliona. Alidahiliwa wiki sita nyuma, lakini hakujisajili, na viti vyote 24 vya darasa lile vilikuwa vimeshachukuliwa. Sentensi ya kumtaka ajisajili ilikuwepo, ukurasa wa pili, aya ya tatu. Aliisoma pale pale mbele yangu, kidole kikifuata mstari, kisha akasema taratibu, "Kumbe nilikuwa bado sijaingia."

Ninaandika haya ili lisikupate lililompata yeye.

Udahili na usajili ni mambo mawili

Udahili ni shule kukubali kwamba unafaa kusoma programu fulani. Usajili ni wewe kuchukua nafasi kwenye kozi fulani, muhula fulani, saa fulani, na kuilipia. Udahili kwa kawaida hufanyika mara moja. Usajili hurudiwa kila muhula mpaka umalize. Ofisi zinazoshughulikia mambo haya mara nyingi ni tofauti na hazisomeani mafaili, kwa hiyo ukimwambia wa udahili "nitakuja," wa usajili hana habari.

Siku ile ile unapopata barua, isome hadi mwisho ukitafuta mambo matatu: tarehe ya mwisho ya kuthibitisha kwamba unaipokea nafasi, kiasi cha malipo ya kushikilia nafasi kama kipo, na siku dirisha la usajili linapofunguliwa. Hiyo ya tatu ndiyo watu wengi huipuuza. Kozi za jioni na za Jumamosi hujaa haraka kuliko zote, kwa sababu kila mwenye kazi anazitaka hizo hizo. Weka kengele kwenye simu. Na ukiona barua inataja muhula mmoja tu, elewa kwamba haitumiki muhula mwingine hadi uombe kuahirisha kwa maandishi.

Kwanza uliza kama unahitaji kudahiliwa

Hapa watu hujisumbua bure. Shule nyingi za watu wazima zina kozi za wazi: unajaza fomu, unalipa, unaingia, na anayewahi ndiye anayepata. Maombi, vyeti na barua za utambulisho huhitajika pale unapotaka programu yenye cheti, stashahada au shahada mwishoni.

Tena zipo taasisi zilizojengwa juu ya wazo la kutomfungia mtu mlango. Open University ya Uingereza ilianzishwa 1969, ikaanza kufundisha 1971, na hadi leo kozi zake nyingi za shahada ya kwanza hazidai vyeti vya awali. Kitengo cha elimu endelevu cha Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilichoanza 1910, kina utaratibu wake: kwanza unasoma kozi kadhaa zilizotajwa, unafikia alama zinazotakiwa, halafu ndipo unaomba kudahiliwa kwenye shahada. Kazi yako ya darasani ndiyo inayokuombea. Naupenda utaratibu huo, maana mtu mwenye matokeo mabaya ya miaka ishirini iliyopita anapata nafasi ya kuonesha alivyo leo.

Ila kabla ya kuanza kozi ya wazi, uliza swali hili na ujibiwe kwa maandishi: "Nikisoma kozi hii kabla ya kudahiliwa, itahesabiwa kwenye programu? Na ni kozi ngapi za namna hii zinazokubalika?" Shule nyingi huweka kikomo. Nimeona watu wamesoma kozi sita wakahesabiwa tatu. Uliza pia kama umeandikishwa kama mwanafunzi wa kupata alama au wa kuhudhuria tu. Anayehudhuria tu hukaa darasa lile lile, husikiliza mwalimu yule yule, lakini mwisho hana alama kwenye rekodi, na kubadili baada ya muhula kuanza ni vigumu.

Karatasi

Anza na majina. Tandaza mezani kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na cha ndoa kama unacho, kisha soma jina lako kwenye kila kimoja, herufi kwa herufi, kwa sauti. Usisome kwa mazoea. Macho yanalijua jina lako mno, yanaruka makosa.

Hili nimelipata kwa gharama. Nilipoomba masomo ya jioni mara ya kwanza, kitambulisho changu kilikuwa na majina matatu, cheti cha shule mawili, na moja kati ya hayo lilipungukiwa "h". Shule niliyoomba ililiweka faili langu kando na haikunijulisha. Nilingoja muhula mzima nikiamini bado wanafikiria. Nilipopiga simu ndipo nikaambiwa, "Wewe si mtu mmoja kwenye karatasi zako." Hati ya kiapo ilinichukua asubuhi moja tu kuipata. Muhula ulikuwa umeshapita.

Kwa hiyo majina yakitofautiana, tafuta hati ya kiapo, cheti cha ndoa au hati ya kubadili jina kabla ya kuomba, na uiambatishe bila kusubiri kuulizwa. Kwenye fomu andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, hata kama nyumbani na kazini wanakuita jingine.

Cheti kimepotea? Anzia hapo, kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu ndicho kinachochelewa kuliko vyote. Baraza lililotoa mtihani au shule iliyokufundisha hutoa uthibitisho wa matokeo, lakini huenda likachukua wiki kadhaa. Taarifa rasmi za matokeo kwa kawaida hutakiwa zitoke huko moja kwa moja hadi shule unayoomba. Ukipewa bahasha iliyofungwa na kupigwa mhuri, usiifungue hata kwa hamu ya kuona alama zako. Ikifunguliwa tu, si rasmi tena. Omba nakala mbili, moja yako.

Nakala zinazothibitishwa kwa mhuri nazo zina umri. Shule nyingine hutaka mhuri wa miezi ya karibuni, kwa hiyo usithibitishe mapema mno. Vyeti vya nchi nyingine huhitaji kulinganishwa na chombo kinachotambulika, na vikiwa katika lugha nyingine vinahitaji tafsiri ya mfasiri aliyeidhinishwa. Ukituma kwa mtandao, piga picha kwenye mwanga wa mchana, pembe zote nne za karatasi zionekane. Nakala iliyokatwa pembeni hurudishwa, na kila kurudishwa kunakula siku.

Kama huna vyeti

Usiondoke bado. Uliza kama shule ina udahili wa watu wazima kwa umri na uzoefu, na kama ina utambuzi wa ujuzi uliopatikana nje ya shule. Kwa njia hii mtu aliyejifunza kazini hupimwa kwa anachoweza kufanya.

Kinachokubeba hapo ni ushahidi, na ushahidi mzuri hutaja kazi yenyewe. Barua ya mwajiri inayosema "amefanya kazi hapa kwa bidii miaka tisa" haimsaidii mtu yeyote. Ile inayosema "ameandaa mishahara ya wafanyakazi arobaini kila mwezi, amefunga hesabu za kila robo mwaka, amefundisha makarani wawili wapya" inamwezesha mratibu wa kozi kuona moja kwa moja ni somo gani umeshalijua. Mwandikie mwajiri wako orodha ya kazi zako, yeye athibitishe na kutia sahihi. Wengi hufurahi kupunguziwa kazi ya kuandika. Ongeza sampuli: ripoti, michoro, picha za kazi zilizokamilika, vyeti vya semina.

Halafu kuna barua binafsi ya maelezo. Nimesoma mamia ya barua hizi, na watu wazima hutumia nusu ukurasa kuomba radhi: waliacha shule, walipata mimba, walifeli, wamechelewa, wamezeeka. Moyo huniuma kila mara. Hatukuulizi kwa nini umechelewa. Eleza kwa sentensi moja au mbili kilichokukatiza, kisha utuambie unafanya nini sasa, kozi hii itakusaidia wapi, na umejipangaje kupata saa za kusoma. Hilo la saa tunaliangalia sana. Mtu anayeandika "Jumanne na Alhamisi natoka kazini saa kumi na moja, na mdogo wangu amekubali kukaa na watoto" ameshatuonesha kwamba amelifikiria jambo hili nyumbani, na wenziwe.

Jaribio la kupima kiwango

Jaribio hili halikufelishi. Linakutafutia darasa. Kwa lugha, kwa mfano, shule nyingi hutumia ngazi sita za Ulaya, kuanzia A1 ya anayeanza kabisa hadi C2 ya mahiri. Kuwekwa A2 si aibu, ni anwani.

Wapo wanaosaidiwa na watoto wao jaribio linapofanyika kwa mtandao. Nilikuwa na baba mmoja mpole, kijana wake alimjibia maswali akapangwa B2. Wiki ya tatu alikuja dawatini na kuniambia kwamba hajatamka neno darasani tangu muhula uanze. Nilitaka kumhamisha, lakini madarasa ya A2 yalikuwa yamejaa na siku ya kubadili imepita. Fanya mwenyewe, ukiwa umelala vya kutosha, na usipolijua jibu liache wazi.

Na kama una tatizo la kuona, kusikia au kusoma, lieleze wakati wa kuomba ili upewe muda wa ziada au karatasi za maandishi makubwa. Baada ya jaribio huwa tumechelewa kukusaidia.

Tarehe za kutoka zisome kabla ya kulipa

Kila mtu husoma masharti ya kuingia. Ya kutoka husomwa siku ya matatizo, na mtu mzima hakosi matatizo: zamu ya kazi inabadilika, mzazi anaugua, mtoto analazwa. Tafuta tarehe tatu kwenye kalenda ya muhula. Ya kwanza ni mwisho wa kubadili au kuondoa kozi bila alama yoyote kwenye rekodi. Ya pili ni mwisho wa kurejeshewa ada, na kwa kawaida kiasi kinachorejeshwa hupungua wiki hadi wiki hadi kuwa sifuri. Ya tatu ni mwisho wa kujitoa rasmi, ambapo fedha hurudishiwi lakini rekodi huandikwa kwamba ulijitoa, si kwamba ulifeli.

Sikiliza hapa vizuri: kuacha kuja darasani si kujitoa. Kwa mfumo wetu na mifumo mingi mingine, usipojaza fomu ya kujitoa unabaki mwanafunzi, unadaiwa ada, na mwisho wa muhula unaandikiwa umefeli. Kumwambia mwalimu mlangoni hakutoshi. Jaza fomu, pata uthibitisho wenye tarehe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Uliza pia shule ikiifuta kozi kwa uchache wa wanafunzi itakuwaje. Inapaswa kukurudishia yote, lakini ni vyema uione imeandikwa. Na kama mwajiri ndiye anayelipa, muulize kama ukijitoa utadaiwa wewe.

Ukikuta darasa limejaa, ingia kwenye orodha ya kusubiri na uangalie baruapepe kila siku. Nafasi ikipatikana hupewi muda mrefu wa kujibu, pengine siku moja.

Mama yule aliingia kwenye orodha hiyo, nafasi haikutokea. Tulibadilisha barua yetu baadaye: sasa sentensi ya kujisajili ndiyo ya kwanza, na tarehe imekolezwa wino. Muhula uliofuata dirisha lilipofunguliwa saa mbili asubuhi, alikuwa wa nne kwenye foleni, barua mpya ndani ya mfuko ule ule wa plastiki. Nilimwandikisha, nikampa risiti. Hakuondoka. Aliniomba nigeuze skrini aone jina lake kwenye orodha ya darasa. Nikaigeuza, akalisoma polepole, herufi kwa herufi.