Kabla hujajenga mlimani Mwanza: chora maji kwanza, nyumba baadaye

Kiwanja cha mlimani hununuliwa kwa macho. Ziwa linaonekana, upepo upo, bei imepoa kuliko ya tambarare. Kisha fundi anaitwa, anaambiwa "sawazisha hapa", na ndani ya siku tatu kosa la kuishi nalo miaka yote limeshafanyika. Haya ni mambo ya kumaliza kabla jembe halijagusa udongo. Mfano wetu ni kiwanja cha mita 14 kwa 18 kinachoshuka mita 3 kutoka juu hadi chini, na nyumba ya vyumba viwili yenye mita za mraba 54.

Anza na kupima mteremko, maana jicho hudanganya, na mlimani hudanganya zaidi. Huhitaji mashine. Mpira mwangavu wa mita 20 ukiujaza maji unatosha: maji ya ncha zote mbili husimama kimo kimoja hata mpira upite wapi. Mtu mmoja ashike ncha kwenye kigingi cha juu, mwingine ateremke mita 2 na fito, asubiri maji yatulie, aweke alama, kisha apime kutoka alama hadi ardhini. Rudieni kila mita 2 mpaka mwisho wa kiwanja. Kabla ya kila kipimo angalia mapovu: povu moja lililokwama katikati ya mpira linaweza kukupotosha sentimita kadhaa, na makosa hayo hujumlishwa kigingi hadi kigingi. Mita 3 ndani ya 18 ni 1 kwa 6, yaani takribani asilimia 17. Unajengeka vizuri, ila hausamehe uzembe.

Siku ya pili ya kupima ni siku ya mvua. Nenda na mwavuli, simama kiwanjani, tazama maji yanaingilia wapi na kutokea wapi. Muulize jirani wa juu maji ya bafu lake yanakwenda wapi. Jirani wa chini naye atakuuliza wewe, kwa hiyo njia ya maji mkubaliane mapema mbele ya mwenyekiti wa mtaa, iandikwe.

Karatasi zisikusumbue sana kama ardhi ni safi: leseni ya makazi au hati, ramani, kibali cha ujenzi cha halmashauri. Mawili tu yanayosahaulika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Na Sheria ya Ardhi ya 1999 inaruhusu mteremko mkali kutangazwa ardhi hatarishi. Uliza ofisi ya ardhi kabla ya kulipa, si baada.

Sasa mawe. Hapa ndipo Mwanza inapotofautiana na milima mingine, na ndipo nyufa nyingi zinapozaliwa. Chini ya udongo kuna mwamba mama, na juu yake kuna majiwe makubwa yaliyokaa tu. Ukichimba na kugonga jiwe hujui umepata lipi. Chukua nondo ya mm 16 yenye urefu wa mita 1.5, igongee kwa nyundo kila baada ya mita moja kwenye mistari ya msingi, andika kila kina kilipogoma. Vina vikibadilika taratibu, huenda ni mwamba mmoja. Vikiruka, hapa sentimita 30, pale mita moja na nusu bila kugusa kitu, una jiwe peke yake. Thibitisha kwa mashimo matatu au manne ya kuchimba kwa mkono.

Msingi uliokaa nusu kwenye jiwe na nusu kwenye udongo ni ufa unaosubiri mvua. Udongo hushuka kidogo, jiwe halishuki, na ukuta hupasuka pale pale ukingo wa jiwe unapoishia. Tiba ni mojawapo ya tatu: shusha upande wa udongo mpaka ufikie mwamba, au chonga jiwe lishuke, ujaze hapo tabaka la mchanga lililoshindiliwa, au sogeza nyumba. Kusogeza mita moja na nusu kwenye ramani hakugharimu kitu.

Jiwe lililo juu ya kiwanja litazame tumboni, si usoni. Mara nyingi utaona mstari kwenye ubavu wake: juu ya mstari rangi ni ya kijivu yenye kuvu, chini yake ni nyekundu ya udongo, safi. Sehemu hiyo safi ndiyo iliyokuwa imefukiwa zamani, na urefu wake ni kiasi cha udongo ambacho mvua imeshakiondoa. Jiwe la hivyo usilichimbe miguuni kwa sababu yoyote, hata kama ni kupata nafasi ya choo. Mwite mhandisi aone linaegemea nini.

Ukishajua ardhi, ndipo ulaze nyumba. Urefu wa mita 10 ukingame mteremko, upana wa mita 5.4 ndio ushuke nao. Hapo ardhi chini ya nyumba inashuka sentimita 90 tu. Gawa sakafu mbili, vyumba vya kulala juu, sebule na jiko chini, katikati ngazi tatu za sentimita 15. Udongo wa kukata ni mita za ujazo 3 hivi. Geuza nyumba hiyo hiyo ishuke na urefu wake juu ya sakafu moja, na udongo unafika mita za ujazo 11, achilia mbali nafasi ya kufanyia kazi. Udongo uliochimbwa hufura kama robo, kwa hiyo kwa toroli la lita 60 ni tofauti ya safari 60 na safari 230. Na kile kifusi cha upande wa chini ndicho kitakachotitia na kupasua jamvi, yaani zege la sakafu. Ukilazimika kujaza, shindilia kila sentimita 15, udongo ukiwa na unyevu wa kushikana kiganjani bila kutoa maji.

Mlima ukitazama magharibi, ukuta mrefu utakula jua la alasiri lote. Baraza la mita 1.5 na zaidi upande huo ni kivuli, si anasa.

Chini ya mtaro wa msingi kuwe tambarare kila mahali. Msingi hupanda kwa ngazi, haulali na mteremko. Kila ngazi isizidi unene wa zege, tuseme sentimita 25, na zege la juu lilalie la chini kwa angalau sentimita 50. Juu ya milango na madirisha zungusha lenta, mkanda wa zege, bila kuikata: nondo nne za mm 12, ringi za mm 8 kila sentimita 20. Sakafu mbili zina tamaa ya kuachana, na tetemeko la Kagera la Septemba 2016 lilionyesha kuta zisizofungwa zinavyokwisha.

Ukuta wa kuzuia udongo jenga kwa mawe ya hapo hapo. Kwa kimo cha mita 1.2, kitako kiwe sentimita 70, juu 40, na uso wake uegemee mlima kidogo. Ukipita mita 1.5, hesabu ni za mhandisi. Kinachoangusha kuta hizi hasa ni maji yaliyofungiwa nyuma yake. Weka kokoto unene wa sentimita 30 nyuma ya ukuta wote, na mabomba ya mm 75 kila mita 1.5 karibu na chini. Kisha mkataze fundi wa plasta asiyazibe. Hutokea mara nyingi mno, kwa nia njema ya kupendezesha.

Juu ya nyumba pita na mtaro wa kukinga maji, upana sentimita 40 na kina 30, ukishuka sentimita 1 kwa kila mita mpaka pembeni. Kutoka hapo maji yateremke kwa ngazi za mawe, la sivyo yatachimba korongo ndani ya masika moja. Ukuta na mtaro huu viishe kabla ya vuli ya Oktoba. Anza kazi Juni, fedha za kwanza ziende huko. Bati linaweza kusubiri.

Paa linalotokeza sentimita 70 nje ya kuta kila upande linakuwa kama mita za mraba 77. Mvua ya milimita 10 inalipa lita 770, nawe ukitoa hasara utabaki na 600. Tenki la lita 5,000 linajaa kwa milimita 80 hivi. Familia ya watu watano ikitumia lita 100 kwa siku italimaliza kwa siku 50, na kiangazi cha Juni hadi Agosti ni kirefu kuliko hapo, kwa hiyo bado utahitaji maji ya bomba. Tenki liweke ubavuni kwa sakafu ya juu, kwenye kitako cha mawe cha sentimita 40, na bomba la jikoni litapata maji bila pampu. Bafu la manyunyu lisahau. Tenki likijaa lina uzito wa tani 5: kamwe lisikae kwenye kifusi wala nyuma ya ukuta wa kuzuia udongo.

Kila kitu kitapandishwa kwa mabega. Bloku za inchi 6 zinazohitajika hapa ni kama 1,000, kila moja ina kilo 28 hivi, jumla tani 28. Patana na wabebaji kwa tripu, na hesabu zilizofika juu, si zilizoshushwa barabarani. Tofali za udongo-saruji za kufungamana hazipunguzi tani hizo, lakini hazihitaji kuni kama za kuchoma, zinakula saruji kidogo, na plasta unaweza kuiacha.

Choo kimebaki, na kwenye mwamba ndicho kigumu. Shimo la kunywesha majitaka ardhini liwe chini ya nyumba na chini ya ukuta wa kuzuia udongo. Chimba kishimo cha sentimita 30, kijaze maji jioni, kijaze tena asubuhi. Yakiwa bado yamesimama mchana, shimo lako litafurika uani kwa jirani. Gari la kunyonya nalo lina mpira wenye mwisho wake. Pima umbali kutoka barabarani kabla ya kuchagua mahali. Baadhi ya mitaa ya milimani ina mabomba membamba ya majitaka ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, kwa hiyo pita ofisini kwao na namba ya kiwanja kabla ya kuchimba shimo lolote.