Imeili ya chuo ukiwa mbali na kampasi, bila kumaliza bando

Likizo ikifika watu wanatawanyika, huyu Arua, yule Kasese, na supavaiza hajali uko wapi, marekebisho yako anayatuma kwa imeili ya chuo tu. Kufungua kwa brauza kila saa kunakula data na netwaki ikikatika hakuna unachosoma. Bora uweke Thunderbird, programu ya kusomea imeili, kwenye leptopu, ni ya bure, na idaunilodi ukiwa bado una waifai ya chuo.

Ukiifungua itakuomba jina, imeili na paswedi, halafu inajitafutia yenyewe seva, ile kompyuta inayotunza barua zako. Ikiuliza IMAP ama POP, hizo ni njia mbili za kuchukua barua, chagua IMAP, hapo usibahatishe jamani, maana POP inashusha barua kwenye mashine yako na ukiiacha vibaya inazifuta kule kwenye seva, leptopu ikiibiwa barua zote zimeenda, lakini IMAP inaziacha chuoni wewe unasoma kutoka popote.

Kama chuo chako kinatumia Google, seva ya kupokea ni imap.gmail.com, ya kutuma smtp.gmail.com. Wa Microsoft ni outlook.office365.com na smtp.office365.com. Kupokea ni poti (namba ya mlango wa seva) 993 na SSL/TLS, kutuma ni 587 na STARTTLS, hizo mbili ni aina za ulinzi wa barua ikiwa njiani. Kwenye njia ya kuingia weka OAuth2, kwa sababu hawa wawili siku hizi wanakataa paswedi ya kawaida kwenye programu kama hizi, itakufungulia ukurasa wao wa kulogini, unaweka paswedi hapo na kodi ya kuthibitisha ni wewe inakuja kwa simu, kwa hiyo ile laini uliyoandikisha chuoni usiiache kwa hosteli. Chuo chenye seva yake chenyewe, nenda ofisi ya IT uulize majina ya seva na kama inafunguka ukiwa nje au mpaka VPN (njia ya kuingia netwaki ya chuo ukiwa nje), uulize kabla hujasafiri.

Sasa data, na hapa ndipo watu wengi wanaumia. Thunderbird ikiachwa hivyohivyo inashusha barua zote, hata za mwaka wa kwanza, na bando la wiki linaisha asubuhi moja. Ingia kwenye setingi za akaunti, sehemu ya usawazishaji na uhifadhi, iambie ishike za siku 30 za mwisho tu, tena weka tiki isishushe barua inayozidi ukubwa fulani, kilobaiti 50 zinatosha, yenye PDF kubwa utaifungua mwenyewe ukiitaka. Zilizokwisha shuka unazisoma hata bila netwaki, na majibu unayaandika hapohapo, yataondoka ukirudi hewani.

Simu ya Android nayo ina Thunderbird yake tangu Oktoba 2024, setingi za seva ni zilezile.

Kabla hujapanda basi, zima waifai, washa data ya simu, jitumie barua kutoka imeili yako nyingine halafu ijibu. Ikiingia lakini jibu haliendi, angalia upande wa kutuma, mara nyingi poti imebaki 25 na netwaki nyingi zinaifunga hiyo.