Jino likikuuma usiku: la kufanya hadi umwone daktari wa meno

Wagonjwa wengi ninaowatibu hapa Tanga husimulia jambo lilelile: mchana jino lilikuwa linanyemelea tu, usiku likapandisha. Ndani ya jino kuna kiini chenye mishipa ya damu na fahamu. Kikivimba hakina pa kutanukia, maana kimezungukwa na kuta ngumu. Ukilala chali, damu nyingi zaidi huelekea kichwani na shinikizo mle ndani huongezeka. Hatua zifuatazo zitakuvusha hadi asubuhi, ila hazitibu jino.

1. Safisha kwanza. Koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu. Sukutua kwa nusu dakika, tema, rudia. Kisha pitisha uzi wa meno pande zote mbili za jino linalouma. Usiiruke hatua hii, kwani mara nyingine kinachouma ni fizi iliyobanwa na unyuzi wa nyama au wa embe, na ukitoka tu unapata nafuu. Pini na njiti ya kiberiti weka mbali.

2. Kunywa dawa ya maumivu. Mtu mzima anaweza kumeza parasetamoli 2 za miligramu 500 kila baada ya saa 6, zisizidi 8 kwa saa 24. Soma pia pakiti ya dawa ya mafua unayotumia, nyingi zina parasetamoli ndani. Ibuprofeni ya miligramu 400, kila baada ya saa 8 na baada ya chakula, mara nyingi husaidia zaidi kwa sababu inapunguza uvimbe, na unaweza kuitumia pamoja na parasetamoli. Usiitumie kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu au ujauzito. Mtoto apewe dozi kulingana na uzito wake, na asipewe aspirini.

Mambo mawili yananiuma kila nikiyaona. Watu husaga aspirini na kuipaka kwenye fizi, ikaunguza nyama na kuacha kidonda cheupe. Wengine hununua amoksilini bila kuandikiwa, wakidhani itatuliza maumivu. Antibayotiki si dawa ya maumivu, na kiini kilichovimba haikiponyi.

3. Barafu shavuni. Ifunge kwenye kipande cha kanga, ikandamize kwa nje dakika 15, pumzika, rudia. Usikande kwa moto, hasa shavu likiwa limevimba.

4. Karafuu. Pemba iko ng'ambo tu ya bahari, kwa hiyo karafuu sokoni hazikosekani. Mafuta yake yana eujenoli, kitu kinachotia ganzi kweli. Tone moja kwenye pamba, kamua ziada, gusisha jino lililotoboka bila kugusa fizi, maana yanachoma. Huna mafuta? Ing'ate punje moja taratibu kando ya jino hadi ilainike. Watoto wadogo wasiwekewe mafuta haya. Ugoro, petroli na maji ya betri visiingie kinywani mwa mtu yeyote.

5. Lala kichwa kikiwa juu, mito miwili au mitatu. Epuka chai ya moto, soda na halua.

Asubuhi nenda, hata kama maumivu yamekatika. Jino lililouma sana likanyamaza lenyewe mara nyingi kiini chake kimekufa, na usaha unaendelea kujikusanya chini kwenye mzizi. Ukiwahi, huenda jino likazibwa badala ya kung'olewa. Kula kitu kabla ya kutoka, na mwambie daktari umemeza dawa gani na saa ngapi.

Usisubiri asubuhi iwapo uvimbe unapanda jichoni au kushuka shingoni, una homa, kinywa hakifunguki, au kumeza na kupumua kunakuwa kwa shida. Hapo nenda usiku huohuo Hospitali ya Bombo, au hospitali yoyote iliyo karibu nawe.