Bodi ya Gari Malindi: Kazi ya Mwenyewe na Kazi ya Fundi

Wengi wetu hupima kazi ya bodi kwa ukubwa wa mbonyeo, ilhali Malindi, ambako upepo wa bahari hubeba chumvi mchana na usiku, jambo la kwanza la kuangalia ni kama bati limebaki wazi. Mlango uliobonyea huku rangi yake ikiwa nzima unaweza kusubiri hadi fedha zipatikane. Mkwaruzo mwembamba uliofika kwenye bati hauwezi kusubiri, hasa kwa gari linalolala karibu na ufuo au linalopita kila siku kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni.

Kabla ya kugusa chochote, kama gari lina bima kubwa na unakusudia kudai, piga picha, toa taarifa na umngoje mkaguzi wa kampuni, kwa kuwa gari lililokwisha kupigwa msasa ni vigumu kulidai.

Baada ya hapo osha sehemu iliyoumia, ikauke, kisha pitisha ukucha juu yake polepole. Ukucha usiponasa, mkwaruzo umeishia kwenye klia, yaani tabaka la juu lisilo na rangi, na kazi hiyo ni yako bila shaka: msasa laini wa namba 2000 wenye maji mengi, halafu polishi. Ukucha ukinasa na ukaona kijivu cha praima, yaani tabaka linalopakwa kabla ya rangi, rangi ya kugusia kwa brashi ndogo inatosha. Ukiona bati lenyewe au wekundu wa kutu, chukua bisibisi na ubonyeze mahali hapo kwa nguvu ya wastani. Bati likistahimili, unaweza kukwangua kutu hadi chuma king'ae, upake praima ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, kisha rangi. Likitoboka, kazi imekwisha kuwa ya kukata na kuchomelea bati jipya, nayo ni ya gereji. Usikubali tundu lizibwe kwa puti, yaani ule uji mzito wa kusawazishia bati ambao hukauka ukawa mgumu, kwa maana puti hunyonya unyevu, na kutu itaendelea kula chini yake bila wewe kuiona.

Ziko sehemu ambazo nasisitiza zisiguswe nyumbani hata kama zinaonekana nyepesi: nguzo za milango, vizingiti vilivyo chini ya milango, chesisi, na mahali springi zinapofungwa. Hizo ndizo zinazobeba gari na kuwalinda waliomo siku ya ajali, na baadhi yake zimetengenezwa kwa chuma kigumu ambacho hupoteza nguvu kikipashwa moto ovyo. Nyuma ya bampa za magari mengi pia huwa na vihisi vya mifuko ya hewa, kwa hiyo bampa lililogongwa kwa nguvu lichunguzwe na mtu anayevifahamu.

Ukiamua kufanya mwenyewe, chunga maji. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvi, na ukiyatumia kupigia msasa, chumvi hubaki juu ya bati, huvuta unyevu kupitia rangi, na baada ya miezi kadhaa utaona malengelenge mahali ulipodhani umemaliza kazi. Tumia maji matamu mpaka suuza ya mwisho, na bati likishakauka usiliguse kwa mikono yenye jasho. Chunga na majira. Wakati wa masika hewa huwa nzito. Thina, yaani kimiminika cha kuzimulia rangi, inapofukiza hupoza uso wa rangi, unyevu ukaganda juu yake, na rangi ikageuka nyeupe kama maziwa. Kaskazi ni kavu zaidi, lakini huja na vumbi, hivyo asubuhi, kabla upepo haujashika na bati halijawa la moto, ndiyo saa nzuri.

Rangi nayo ina uamuzi wake. Nyeupe ya kawaida, kama ile ya Toyota yenye namba ya rangi 040, husamehe mkono usio na mazoea. Rangi za fedha na za lulu hazisamehe, kwa sababu chembe zake hulala kwa kufuata jinsi bomba linavyopuliza, na tofauti huonekana pindi jua linapopiga. Jua letu pia limekwisha kupausha magari mengi, kiasi kwamba namba sahihi haileti rangi sahihi. Hapo ni fundi mwenye jicho ndiye atakayeilinganisha. Nalo hili nalisema kwa uzito: rangi inayochanganywa na hadina, yaani dawa ya kuigandisha iwe ngumu, ina kemikali za isosayaneti, ambazo zinaweza kumwachia mtu pumu ya maisha, na kitambaa au barakoa ya vumbi havizizuii. Usiipulize uani penye watoto.

Ukimpa fundi kazi, zuru gereji yake kwanza na utazame magari aliyomaliza, ukiwa na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa: mahali isiposhika, puti ni nene kupita kiasi. Andikianeni sehemu zitakazonyooshwa, zitakazobadilishwa, na kama vipuri vitakuwa vipya au vya mitumba. Omba ulione bati likiwa limenyooshwa kabla halijapakwa puti, na mkubaliane kwamba halitalala wazi usiku, kwani kwa hewa yetu hupambazuka lina kutu. Mlango ulionyooshwa kwa nyundo hupasuka rangi kwa ndani pia, ambako mteja haangalii, kwa hiyo fundi aufungue upande huo, apake praima na kinga ya kutu, na ahakikishe matundu ya kutolea maji chini ya mlango hayakuzibwa.