Kusanya vyeti kabla tangazo halijatoka

Ndugu zangu mliomaliza chuo, msingoje tangazo la kazi litoke ndipo muanze kutafuta vyeti. Andaeni faili sasa: cheti cha kuzaliwa, vya kidato cha nne na cha sita, cha chuo pamoja na transkripti kamili, yaani orodha ya masomo na alama zako zote za chuo. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, inayosimamia ajira za serikali Tanzania, husema wazi kwamba hati za matokeo, yaani result slip, hazipokelewi, na transkripti ya nusu nusu vilevile. Aliyesoma nje ya nchi apeleke shahada yake TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) ithibitishwe, na vyeti vya sekondari vya nje vinapelekwa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania).

Kabla ya yote, weka vyeti vyote mezani usome majina herufi kwa herufi. Changu cha kuzaliwa kiliandikwa Rashid, cha kidato cha nne Rashidi. Irabu moja tu! Niliigundua zikiwa zimebaki siku mbili dirisha la maombi lifungwe, nikakimbizana na wakili aniandalie hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni yangu. Wewe iandae mapema.

Nakala zikishagongwa muhuri wa wakili, ziskani kwa rangi, kila cheti PDF yake, faili uliite kwa jina lako na aina ya cheti. Jitumie kwenye barua pepe yako mwenyewe, maana simu huibiwa na flashi hupotea.

Kwa wanaotaka shahada ya uzamili: mwombe mhadhiri barua ya mapendekezo angali anakukumbuka, na umpe wiki tatu hivi za kuiandika.